Ajitahidi Nini?

Alikuja Jumanne, saa nne kasorobo,
unga umemkaukia kwenye kiwiko,
daftari la mwanawe kalibana kwapani
kama mtu abebaye hati ya shamba.
Mwezi wa saba. Baridi ya Mlango Kubwa
ilipita chini ya mlango, ikaketi na watoto.

Akalifungua mezani pangu,
akaweka kidole juu ya wino mwekundu:
*Jitahidi zaidi.*
"Huu ni mwandiko wako, mwalimu?"
"Ni wangu."
"Basi niambie. Ajitahidi nini?"

Nilikuwa na jibu. Miaka kumi na minne kazini
haimwachi mtu bila jibu.
Nikasema bidii, nikasema makini,
nikasema hesabu kwa jumla.
Alinisikiliza kama anavyomsikiliza mteja
anayeeleza kwa nini atalipa kesho.

"Mimi nauza chapati pale kando ya kinyozi.
Nimemwajiri msichana, anaitwa Kageha.
Siku ya kwanza sikumwambia, Kageha, jitahidi.
Nilimwambia: kanda mpaka unga uviache vidole vyako.
Sukuma mpaka uone mistari ya kibao ikichungulia.
Ukiiinua kwa ncha, isikatike.
Siku ya tatu alijua mwenyewe, bila kuniuliza,
chapati ya mteja ni ipi, na ipi ni yetu ya kula."

Nje, kipande cha reli kikagongwa. Mapumziko.
Hakuondoka.
"Huyu mtoto analala na hili neno, mwalimu.
Jana ameniuliza: mama, zaidi iko wapi?"

Nikakumbuka ripoti zangu, Makongeni.
*Ana uwezo. Anaweza kufanya vyema.*
Baba akizisoma chini ya taa, akizikunja,
akizihifadhi pamoja na risiti za umeme,
nasi wawili tukienda kulala
bila kujua tumeambiwa nini.

Usiku ule nikautoa mpango wangu wa somo.
*Kufikia mwisho wa mada, mwanafunzi aweze kuelewa pesa.*
Nikacheka, kisha nikaacha kucheka.
Nani aelewaye pesa? Mimi, mwenye mkopo wa sako?
Kuelewa: neno lisilo na mpini.
Nikalikata. Nikaandika:

*Kufikia Ijumaa, mwanafunzi aweze
kupokea noti ya shilingi mia,
kuuza vitu viwili,
na kurudisha chenji kamili
bila kumtazama mwalimu usoni.*

Asubuhi nikauweka ubaoni, juu kabisa, nikawasomea.
Darasa likatulia kama watu waliokuwa wakipapasa ukuta,
mtu akafungua dirisha.
Barwaqo akainua mkono. "Ni hiyo tu, mwalimu?"
"Ni hiyo tu."
"Na nikiiweza leo?"
Sikuwahi kuulizwa swali hilo.

Ijumaa jioni nikapita kwa kinyozi.
Moshi wa mafuta, foleni ya watu sita,
Wekulo nyuma ya ndoo, kopo la pesa mbele yake,
mama amejifanya ana shughuli na jiko.
Chapati mbili za ishirini ishirini,
maharagwe ya thelathini.
Nikampa mia. Midomo yake ikacheza kidogo.
Akanirudishia kumi.

Sikusema kitu. Nikajiambia, tutarudia Jumatatu.
Nilikuwa nimefika kwenye duka la mitungi ya gesi
niliposikia ndara zikipiga lami nyuma yangu.
"Mwalimu! Nimekutoza chapati tatu.
Ulichukua mbili."
Akaniwekea sarafu ya ishirini kiganjani,
akaitazama sarafu, si uso wangu,
akageuka mbio.
Kulikuwa na wateja.