Vidole Viwili

Arlys Brandvold aliingia dukani Februari,
theluji imegandia buti mpaka magotini,
akalaza mezani bunduki ya marehemu
ndani ya shuka la maua.
"Ya Verlin," akasema. "Nitengenezee iwe yangu."

Kwa jirani walivunja dirisha wakati wa ibada.
Walibeba televisheni, dawa za maumivu,
na nyama yote ya kulungu iliyokuwa kwenye friza.
Tangu hapo halali. Anahesabu
mabomba yanavyogonga, mbao zinavyolia kwa baridi.

Nilimwonyesha kwanza zile nyeusi za ukutani,
maana duka ni duka, nami nina deni benki:
bunduki nyepesi ya risasi, kitako cha kuvuta na kurudisha,
reli nne za kupachika utakacho,
inajipakia yenyewe, kila ukibana ni moja,
haina teke la kumtisha mtu.
Aliishika kama mtu aliyepewa mtoto wa mgeni,
kwa adabu, tayari kumrudisha.
"Risasi yake inaishia wapi?"
Nikamwambia kweli: ukuta wa chumba hauizuii,
wala wa pili.
"Basi itamfikia Lowell kitandani."
Akanirudishia.

Tukabaki na ya mzee. Ya marisau, geji ishirini,
nayo hujipakia, kwa nguvu ya gesi yake,
mti wa jozi uliokolea jasho la shavu
la mtu aliyewinda bata vuli arobaini.
Nikampima: kunja mkono, mama,
kitako kwenye kunjo la kiwiko, kidole kwenye mtambo.
Kidole hakikufika. Kilining'inia hewani,
pungufu ya vidole viwili.

Mbao ya marehemu haikatwi kwa pupa.
Nilipiga mstari wa penseli, nikaufuta, nikaupiga tena.
Msumeno ulipozama ikatoka harufu,
mafuta, tumbaku, mabwawa ya Oktoba,
na yeye aliyejidai anasoma kalenda
akatoka akasimama nje bila koti.
Kile kipande nilikifunga kwenye gazeti.
Hakukiomba. Alikichukua.

Nikatia raba nene ya kumeza teke,
shanga nyeupe kwenye ncha ya mtutu,
kitufe kikubwa cha usalama
kwa kidole chenye baridi yabisi.
Na kurunzi chini ya mtutu. Hilo lilikuwa shauri langu.
Niliisifu sana. Dola mia moja na kumi na tisa.

Akarudi Aprili, matope yakiwa yameshika zamu ya theluji.
"Itoe taa."

Saa tisa usiku alisikia jikoni
mlango wa friji, kisha kitu kuanguka.
Akashuka ngazi kama nilivyomfundisha,
bega limekaa kwenye raba, kidole mbali na mtambo,
akabonyeza.
Na katikati ya duara jeupe kama sahani
kasimama Lowell, karudi mapema kutoka ghala la ngano,
haradali kidevuni,
anakinga macho kwa kipande cha mkate.

"Unaelewa?" akaniambia. "Ili nimwone mwanangu
ilibidi kwanza nimlenge."

Miaka ishirini na sita nyuma ya meza hii
nauza mwanga unaotazama panapotazama mtutu,
na hakuna aliyepata kunitamkia hivyo.
Nililegeza skrubu mbili. Hazikusumbua.
Nilitaka kumrudishia pesa; akachagua badala yake
tochi ya mkono, ya manjano,
ile ya wavuvi wa kwenye barafu,
na sanduku dogo la kufuli la kukaa kando ya kitanda.
Masalio yake, dola tisa na senti, bado yamo kwenye droo.
Hajayafuata.

Bunduki anayo. Sikusema ameiacha.
Mei alikuja kufanya mazoezi nyuma ya duka,
akavunja visahani saba kati ya kumi, bila kutabasamu.

Lowell siku hizi akirudi usiku huanza kuimba
tangu kwenye lori, vibaya, nyimbo za kanisani,
mbwa wote wa barabara ile wanamjua.
Na kile kipande cha jozi, nimekiona mwenyewe
nilipopeleka risiti:
kimewekwa chini ya mlango wa jikoni,
kinauzuia usijifunge.