Taulo za Kitanda cha Saba

Taulo nne, rangi ya zambarau iliyoiva.
Nazikunja mara tatu, naziweka chini ya kabati
pale mkono unapofika bila macho kutafuta.
Si za kuogea, namwambia Thureya.
Si za kufutia jasho, ingawa feni imekufa tangu Jumatatu
na joto limeketi wodini kama mgeni asiyeaga.
"Basi za nini?"
Nikajifanya natafuta kalamu.

Aliyejibu ni babake. Hana sauti,
ilitolewa pamoja na uvimbe mwaka juzi,
lakini ana daftari la mistari
na miaka arobaini ya kuuza leso Mtaa wa Biashara.
Aliivuta moja, akaisugua kwa kidole gumba na cha shahada,
akaandika: *Pamba imechanganywa. Nani kawauzia? Kawapunja.*
Kisha chini, kwa herufi ndogo:
*Rangi mumechagua vizuri. Haitaonyesha.*

Nani kakuambia, Bwana Mselem?
Hakuna. Mtu wa nguo anajua
kwa nini shuka ya mzazi haiwi nyeupe.

Mionzi ilichoma kilichopaswa kuchomwa
na kisichopaswa. Ngozi ya shingo imekauka kama ya ngoma,
na nyuma yake ule mshipa mkuu unaopanda kichwani
umechakaa ukuta
kama leso iliyofuliwa miaka ishirini:
ukiinua juani, waviona vidole vyako upande wa pili.

Damu ilibisha hodi Alhamisi, saa tisa za usiku.
Kijiko kimoja tu, kwenye tundu la koo.
Ikakoma yenyewe kabla sijavaa glavu ya pili.
Mwanafunzi wa zamu akashusha pumzi: Alhamdulillahi.
Mimi nikakimbilia simu.
Ile inayokoma ndiyo ya kuogopwa.
Hodi hubishwa na mwenye nia ya kuingia.

Daktari Mwadime alikaa kitandani, hakusimama.
Tutapitisha waya kinenani, alisema,
upande hadi shingoni, tuutie mshipa bitana
ya wavu wa chuma, kwa ndani.
Ikikataa, tutauziba kabisa, na ukizibwa
huenda mkono na mguu wa upande mmoja visiamke.
Au tusifanye kitu. Tukae nawe.
Sindano ya usingizi iko kwenye trei, taulo ziko,
na muuguzi hatakuachia mkono.
Hakusema "usijali".
Nilimpenda kwa hilo.

Thureya alililia dirishani,
nje kunguru wakigombana juu ya bati.
Bwana Mselem akanyamaza kama anayepatana bei,
maana hata asiye na sauti ana kunyamaza kwake.
*Damu nzito kuliko maji, wamesema.
Mbona yakimbia?*
Akageuza ukurasa.
*Tieni bitana.*

Bitana ilishika wiki kumi na moja.
Alitoka kwa miguu yake kurudi Kuze,
taulo kikapuni, mafunzo yangu kwa bintiye:
Mlaze ubavu, upande unaovuja.
Kandamiza, usichungulie.
Zima taa kubwa. Mwite.
Usikimbie kutafuta mtu; mtu ni wewe.
Aliyaandika yote nyuma ya daftari,
akayapigia mstari yale ya mwisho,
akaniuliza kama zima lina "h". Halina, nikamwambia.

Juzi alirudi na kikapu.
Taulo zimefuliwa, zimepigwa pasi, zanukia udi.
Nikahesabu tatu.
Tulisimama pale karibu na ndoo ya deki.
"Nilizima taa," alisema. "Nikamwita."
Ya nne sikuiuliza.

Kitanda cha saba sasa kina mama wa Jomvu,
anashona ushanga na hapendi uji wetu.
Nimeshuka stoo kuomba taulo moja.
Karani, bila kuinua kichwa:
"Rangi gani?"