Kifungu cha Mbuzi

Ureno, mji wa mawe,
kiota kama cha mwewe,
Zambujosa ujuliwe,
mbuzi nao ni raia.

Eulalia karani
kapekua kabatini,
kwenye vumbi la zamani
akaikuta sheria:

"Mbuzi wa rangi kijivu,
wa pembe moja na ndevu,
kwa hila ama kwa nguvu
ni mwiko ngazi kukwea,

ngazi za mnara wetu,
Alhamisi, saa tatu,
mbele ya macho ya watu,
wala kamba kuchezea."

Akacheka hadi chozi.
"Sheria nzima, ya mbuzi?
Msumeno una kazi,
hadi na ndevu wanyoa!

Kwa nini si Jumapili?
Mwenye pembe zake mbili,
yeye apewe kibali
na misa kuhudhuria?"

Kinyozi Teo kasema,
wembe kauweka nyuma:
"Babu yangu, siku njema
meya alipomnyoa,

nusu povu, nusu shavu,
kengele yetu chakavu
ikagonga kwa mabavu.
'Moto! Nyumba zaungua!'

Watu ndoo mikononi,
meya taulo shingoni,
wakakuta mnarani
mbuzi kamba abugia.

Siku ile, kwa hasira,
baraza lapiga kura:
siku, pembe, hata sura.
Meya muhuri katia.

Mbuzi yule, muungwana,
hakubisha, hakununa.
Alhamisi, kimya sana.
Akapanda Ijumaa!"

Meya wa leo, si yule,
kaamuru: "Futa ile!"
Karani: "Iwe milele;
wajukuu wamekua."