Ripoti ya Robo ya Tatu

Fomu imekuja na visanduku viwili:
ameajiriwa, hajaajiriwa.
Weka alama. Usizidishe mstari.

Nami nimeketi hapa Kariobangi Laiti
juu ya debe la rangi lililopinduliwa,
kalamu mkononi, masizi kuchani,
namtazama Mutanu akipiga magoti mbele ya dirisha
la bucha ya Gichora,
dirisha ambalo bado ni nondo sita na ahadi.

Mutanu nimweke wapi?
Jumatatu aliunga dabodeka ya bweni, akalipwa.
Kesho yake umeme ulipotea,
na ulipokosa kurudi akauza maji, mtungi shilingi ishirini.
Jana aliitwa Dandora kuziba tangi,
akalipwa nusu,
nusu ikabaki mdomoni mwa mwenye tangi.
Leo yuko hapa,
na kisanduku ni kidogo kuliko wiki yake.

Mlituletea mashine tatu. Asanteni.
Mbili zinanguruma; ya tatu tuliipasua tumbo
tukazilisha nyingine.
Mlituletea ngao za uso, kioo cheusi, kumi na mbili,
mkasahau kwamba moto hula fimbo.
Pakiti ikiisha, somo limeisha.
Kwa hiyo tunazihesabu
kama dada mkubwa anavyohesabu nyama sufuriani,
na kipisi kinachobaki, urefu wa kidole gumba,
hakitupwi:
mgeni wa darasa hukitumia
kuufunza mkono usitetemeke.

Mwezi wa tano alikuja mwalimu wenu wa utayari wa kazi,
kijana mpole, viatu vyake vikiviogopa vyuma vyetu.
Akawafunza kusalimu kwa kiganja kikavu,
kumtazama mwajiri machoni,
wao ambao kwa miezi sita
nimewapigia kelele: usitazame mwanga!
Akamuuliza Mutanu:
Unajiona wapi miaka mitano ijayo?
Akajibu: Hapa hapa, mwalimu.
Ila mashine ikiwa yangu.
Kijana akaandika kitu. Sijui alichoandika.

Onditi mnamjua. Mna jina lake, nambari yake,
picha yake akicheka.
Robo ya pili ilikatika wiki mbili kabla ya mtihani wa serikali,
na ada ya mtihani haikuwa na habari za robo.
Wenzake wakaunga lango la chekechea moja, Korogocho,
usiku, saa umeme una nguvu,
malipo yakaenda yote kwenye ada.
Hakuna aliyeonja hata chai.
Onditi alifaulu. Mmemweka kwenye kalenda yenu, Agosti.
Walioliunga lango hawana safu.

Mkono mtupu haulambwi, husema watu.
Wa mchomeleaji haulambwi hata ukijaa.

Sisemi kwa uchungu.
Haya, kidogo upo.
Najua nanyi mna wanaowadai fomu,
na hao wana wao, ngazi juu ya ngazi,
kila aliye juu akichungulia chini kungoja tarakimu.
Lakini chuma hakisomi tarakimu.
Kikipoa kabla ya kushikana
mshono utang'aa vizuri tu, utapigwa picha,
na siku utakapougonga
utaachana kwa mlio wa kikombe.

Gichora amepita kuuliza dirisha.
Mutanu hajainua kichwa. Amesema: Saa kumi.
Itakuwa saa kumi.

Ukurasa wa mwisho. Taja fanikio moja.
Maneno yasizidi hamsini.

Naandika:
Mlango wa choo chetu ulikuwa ukikwaruza sakafu miaka minne.
Mutanu ameung'oa, akanyoosha fremu,
akachomelea bawaba mpya kwa vipisi.
Sasa unafungwa kwa kidole kimoja.

Yamebaki maneno ishirini na saba.
Natumia matatu:
Njooni muufunge wenyewe.