Picha ya Paspoti, Ruwi

Ana siku kumi na moja.
Zuwena, aliyezaliwa Wete, anatandika shuka jeupe studioni:
macho yawe wazi,
mkono wa mama usionekane.

Remya anaupitisha mkono chini ya shuka.
Kichwa kinaegemea kiganja ambacho, kwa serikali, hakipo.

Fomu ya ubalozi imeuliza:
mtoto ana paspoti ya nchi nyingine?
Biju kaandika Hapana,
kisha akairudia juu kwa juu, wino ukakolea.
Alipolia mara ya kwanza si kwao.
Kwao ni Kottayam, mvua asiyoijua.
Ndani ya mwaka aandikishwe,
ama maswali yazidi.

Amelala. Wanamtekenya nyayo.
Anapiga chafya, macho yanafumbuka.

“Hapo hapo,” Zuwena anamwambia kwa Kiswahili,
“usihame.”