Kobe wa Walukuba

Uliletwa Jinja ndani ya sanduku la mbao
lililoandikwa neno moja: TARATIBU.
Mzinga wa maji, wakatuambia. Koplo Adroma akacheka:
"Mzinga usio na nyuki wala asali,
na mdomo mfupi kuliko wa birika!"
Tukauita Kobe.
Magurudumu manne, shingo ya chuma,
mpira mmoja nyuma kama mkia uliokopwa kwa mnyama mwingine.
Mimi, Konstebo Namulondo, nikakabidhiwa rimoti
kwa sababu vidole vyangu, alisema afande, vimezoea simu.

Adroma hakukabidhiwa kitu.
Miaka kumi na tisa ameubana mpira wa maji kwapani,
presha ikimpiga mateke kama ndama anayeachishwa ziwa.
Bega lake la kulia limeshuka;
koti la Jumapili humkaa upande.
"Maji," huniambia, "lazima yakusukume,
ndipo ujue yapo."

Alhamisi, saa nane mchana,
ghala la magodoro likashika moto.
Sponji haiungui kama kuni.
Inayeyuka, inadondosha moto tone kwa tone,
na moshi wake mweusi una utamu wa kutia kichefuchefu:
pumzi tatu za kwanza ni zako,
ya nne ni yake.

Mama muuza mukene akatupigia kelele kabla gari halijasimama:
"Leo mmekuja na maji,
au mmekuja kutazama kama sisi?"
Tukamshusha Kobe.
Akainua shingo,
na umati wote ukatimua mbio.
Ndala zilibaki barabarani. Sahani ya mukene ikapinduka.
Sikushangaa. Mzinga wa maji wanaujua,
waliuona siku za kura, juu ya gari refu,
maji yake yana rangi, yanawasha macho.
Nilitaka kuwaita: jamani, huyu hawatafuti ninyi!
Lakini sare niliyovaa ilikuwa ileile.

Nikabonyeza mbele.
Kobe akaingia mlangoni, mwenda pole asiyejua hofu,
Adroma akimlegezea mpira nyuma
kama anayeshika shela ya bibi harusi.
Kushoto. Juu. Tawanya. Kaza.
Hatua sitini kutoka motoni, mikono yangu mikavu,
maji yanaruka nisikokuona,
nayasikia tu yakipiga mabati kama mvua ya mawe,
kisha mvuke ukifoka,
kisha moshi ukaanza kuwa wa kijivu.
Hakuna kilichonisukuma.
Niliona haya kidogo,
kama mtu anayesifiwa kwa chakula alichopika mwingine.

Umati ukarudi mmojammoja, ukifuata ndala zake.

Ndipo paa likashuka.
Sisemi lilianguka. Lilishuka,
kama mtu mnene anavyojiachia kitini.
Nikabonyeza nyuma. Nyuma. Nyuma.
Kwenye ufa kati ya mabati mawili
maji yakaendelea kuchomoza, membamba, yamenyooka,
yakilenga palepale nilipoyaelekeza,
mpaka mpira ulipopasuka
na Adroma akalowa kuanzia kofia hadi soksi.

Usiku tuliandika ripoti kwa tochi ya simu.
Waliofariki: hakuna. Waliojeruhiwa: hakuna.
Vifaa vilivyopotea: kimoja.
Adroma alisimama penye kizingiti,
akahesabu kwa miguu kuelekea ndani,
tisa, kumi, kumi na moja,
majivu yakimeza buti zake.
"Hapa," akasema. "Mimi husimama hapa."
Hakusema tena. Alilikanda bega lake
taratibu, kama neno lile la kwenye sanduku.

Mfukoni mwangu rimoti ilikuwa bado inapepesa taa ya kijani,
ikingoja kuambiwa.

Mama alikuja na sahani yake tupu, akainama juu ya karatasi.
"Na mukene wangu," akauliza, "mmemwandika wapi?"
Nikaongeza mstari chini ya Kobe:
mukene, sahani moja.