Shingo ya Tela

Fundi Mgaya alipomaliza kuchomelea ule mkono wa chuma,
pale Mafinga, akiwa bado anajipangusa cheche kifuani,
alinipa neno moja tu la maana:
"Mama Subi, uzito ukae mbele ya ekseli.
Tela likizidiwa mkia litakuchezesha
mpaka ujute kuijua barabara."

Basi nikasogeza jiko, godoro, madumu mawili ya maji,
gunia la mbegu, cherehani ya marehemu shangazi,
vyote vikabanana kule puani
kama watu waliosikia kuna chai.

Lilikuwa la bwana miti mmoja
aliyekuwa akihesabu misindano ya Sao Hill.
Aliondoka akaacha kalenda, panya, na harufu ya rangi.
Nililinunua kwa bei ya ng'ombe wanne,
mimi mnunuzi wa viazi, niliyechoka
kulala Isyonje kwenye vyumba vya watu
nikikohoa kwa adabu.

Pikapu yangu si kubwa. Si ndogo.
Ni kama mtu anayeweza kubeba gunia
lakini hapendi kutazamwa akiliinua.
Mwenyewe wa kwanza aliandika mgongoni: MNGEJUA NILIKOTOKA.
Siku ile aliyeyasoma maneno hayo
ni nyumba peke yake.

Makambako, mizani.
Askari akatuzunguka mara mbili.
"Hili ni gari au nyumba?"
"Tela, afande."
"Mbona lina pazia?"
Lutengano, mpwa wangu, akacheka; nikamkanyaga mguu.
Afande akaingia ndani, akakaa kitandani, akakibonyeza,
akafungua kabati, akalifunga,
kisha akauliza kwa sauti ya mtu aliyevua sare:
"Mvua ikinyesha, halivuji?"
"Bado sijajua."
Akatupungia twende.

Karibu na Chimala, tambarare,
upepo wa Usangu ukaja kwa ubavu,
na lori la shaba likatupita kwa kishindo.
Tela likavutwa, likarudi, likavutwa.
Usukani ukawa mwepesi,
wepesi mbaya, kama mkono wa mgonjwa.
"Breki, shangazi! Breki!"
Sikukanyaga.
Niliachia mafuta, nikashika usukani
kama mtu ashikaye kifaranga,
nikahesabu.
Lilipotulia nilikuwa kumi na moja
na mate yangu yana ladha ya sarafu.
Lutengano hakusema kitu hadi Igurusi.
Pale alinunua mahindi ya kuchoma, akanipa kubwa.

Inyala, gia ya pili.
Mshale wa joto ukaanza kupanda nao mlima.
Nikafungua hita, vioo nikashusha,
moto wa injini ukatujia miguuni,
tukatokwa jasho kwa niaba yake.
Nyuma yetu foleni ya malori yenye hasira;
mbele yetu foleni ya malori yaliyokata tamaa.
Tulikuwa katikati, tunakwenda.

Uyole tukakata kushoto.
Kisha ukungu, kisha kona, kisha ukungu tena,
kisha uwanja wa mzee Mwaijande, na mbwa wake.
Tukaweka mawe chini ya magurudumu,
tukashusha mguu wa mbele, tukafungua minyororo.
Pikapu ikainua kiuno taratibu,
kama mama aliyetua mzigo
na hajaamua bado kama anyooke.

Usiku mvua ikanyesha.
Linavuja. Pembeni, juu ya cherehani.
Nikaweka sufuria, nikalala
nikisikiliza sauti ya tundu langu mwenyewe.

Asubuhi niliteremka Igawilo kutafuta lami ya kuziba.
Gari jepesi, barabara yote yangu.
Lakini nilishika breki mapema mno,
na kwenye kila kona nilizunguka kwa upana,
nikiipisha nyumba
ambayo haikuwepo nyuma.